Kilengeo cha Mzee Adrien

Kama kuna kitu kimenichosha katika ndoa yangu, si mume wangu kukoroma wala matope anayoniletea jikoni kila vuli. Ni bunduki. Na ingekuwa bunduki ya maana ningevumilia. Hii ni ya zamani, fupi, mtutu wake hauzidi mkono wa mtoto wa shule, na ni ya wenzo: unausukuma ule mkono wa chuma chini, unaurudisha, risasi inaingia. Nyumbani tuna nyingine mbili zenye darubini, zimekaa kabatini zinakula vumbi, lakini ukizitaja utadhani umemtukania mtu mzazi wake.

Hii fupi ni ya marehemu baba mkwe, Mzee Adrien, ambaye alikufa bila kusema anamwachia nani. Basi wanawe wawili, mume wangu Rosaire na dada yake Laurianne, wakaigawana kama mtoto wa wazazi walioachana. Miezi sita kwetu, miezi sita kwa wifi. Na kila inapohama, anayeipokea huipeleka moja kwa moja kwenye shimo la kokoto nyuma ya mashamba ya viazi ya kina Pelletier, akapiga risasi chache kwenye karatasi, kisha akarudi na habari ile ile ya mwaka jana: mwenzake ameiharibu.

Haina cha kuharibika, ndicho kinachoniudhi. Mbele, mwisho wa mtutu, kuna kijiushanga cha shaba. Nyuma, karibu na jicho, kuna kibati chenye pengo, na chini ya kibati kuna kingazi cha vidato. Ukipandisha kibati kidato kimoja, risasi inapanda. Ukikishusha, inashuka. Ndiyo mitambo yote hiyo ya kulengea. Watu wawili wazima na akili zao wangemaliza kazi kabla kahawa haijapoa, lakini hawa wamekuwa wakikipandisha na kukishusha kibati kile tangu mzee afe, huyu akipandisha na yule akishusha, mpaka vidato vimeanza kulika.

Ugomvi wenyewe ulianza vuli ya mwisho ya mzee. Mapafu yalikuwa yamekwisha, mikono haina nguvu, lakini alitaka kuingia msituni mara moja tena. Akamwita Laurianne, akampa bunduki, akamwambia, hebu niwekee sawa hii. Neno hilo lilikuwa zito kuliko linavyosikika. Mzee Adrien hakumfundisha binti yake kupiga. Bunduki ni mambo ya wanaume, alikuwa akisema, na Laurianne akajifunza kwa mjomba wake Lucien, kwa kujiiba, akipiga makopo nyuma ya ghala la viazi. Alikuwa ameshapata wajukuu siku baba yake alipomkabidhi bunduki kwa mkono wake mwenyewe. Alishinda nayo shimoni kutwa, akarudi na karatasi yenye matundu matatu ambayo ungeyafunika kwa kifuniko cha chupa. Mzee aliitazama karatasi ile, akaibandika kwenye friji.

Wiki hiyo hiyo Rosaire alimpeleka mzee ukingoni mwa msitu, akamketisha kwenye kiti cha kukunja. Kulungu dume akatoka, akasimama ubavu, karibu kiasi kwamba hata mimi ningempata kwa kiatu. Mzee akapiga. Risasi ilipita juu ya mgongo, ikakata tawi nyuma yake, na kulungu akaondoka zake bila haraka. Mzee hakuingia tena msituni. Theluji ya mwaka ule iliyeyuka tukiwa tumeshamzika.

Kwenye chakula cha matanga, mbele ya watu, mume wangu alisema, mdomo umejaa, "Baba hakosi. Bunduki iliharibiwa." Laurianne aliweka sahani chini akatoka nje bila koti.

Baba hakosi. Nimeisikia sentensi hiyo kuliko nilivyosikia sala. Wifi naye ana yake: ile karatasi, anayo mpaka leo, ipo kwenye droo ya vijiko, na usipoangalia ataitoa akuonyeshe matundu.

Sasa mwaka huu Laurianne kapata kibali cha kuwinda musi, yule mnyama wa jamii ya kulungu mwenye ukubwa wa kumzidi farasi. Hapa kwetu kaskazini watu huomba kibali hicho kwenye bahati nasibu mpaka meno yanang'oka, na wengine hufa hawajakipata. Musi mmoja ni nyama ya majira yote ya baridi kwa nyumba mbili. Kibali kina nafasi ya mpigaji wa pili, na kati ya watu wote wa bonde hili, wifi yangu alimwandika ndugu yake. Alisema ni kwa sababu ya gari letu lenye winchi ya kuburutia mnyama. Niliposikia nilijua vuli yangu imekwisha.

Nikawaambia wachukue bunduki ya darubini. Wote wawili walinitazama kana kwamba nimependekeza waende na kombeo. Musi atapigwa kwa bunduki ya Baba. Ila bunduki ni moja na musi ni mmoja, kwa hiyo wakakubaliana, kwa mara ya kwanza tangu msiba, jambo moja: Jumamosi kabla ya msimu kufunguliwa watakwenda shimoni, na yule itakayemtii ndiye atakayempiga musi. Mwingine atakuwa mbebaji.

Kila mtu mwenye macho aliona kwamba si musi waliyekuwa wakimgombania. Waligombania ile risasi ya mzee. Ama Laurianne aliiharibu bunduki ya baba yake, ama Mzee Adrien alimkosa kulungu aliyesimama mbele ya pua yake. Hapakuwa na la tatu, na Jumamosi hiyo mmoja wao angerudi nyumbani na jibu.

Na mimi? Mimi nilikuwa wa darubini ya mkononi. Kazi yangu kutazama karatasi kule kwenye ukuta wa mchanga na kusema risasi imeingia wapi, kwa sababu hakuna aliyemwamini mwenzake hata kwa hilo. Tulifika baridi ikiuma, kofia za rangi ya chungwa vichwani, viziba masikio shingoni. Rosaire alipanga meza ya mbao na mifuko ya mchanga ya kuegemezea mtutu. Laurianne alikuja na kiti chake mwenyewe, maana, alisema, cha kwetu kinayumba.

Bunduki ilikuwa imetoka kwake. Rosaire akakaa, akapiga.

"Juu," nikasema. "Juu sana. Nje ya duara kabisa."

Akapiga tena. Juu tena, pale pale. Akageuka kunitazama mimi, si dada yake, akasema kwa upole wa kuudhi kwamba yeye hana la kuongeza.

Laurianne akamwondoa kitini, akakaa yeye, akakoki, akapiga risasi mbili. Zote katikati. Akainuka akijipangusa mchanga na kusema bunduki ni nzima kama siku ilipozaliwa, labda tumpeleke mpigaji kwa fundi.

Mume wangu hapendi kuchekwa. Alishusha kibati vidato viwili, akapiga, na kweli, katikati. Akampa dada yake. Laurianne akapiga, vumbi likaruka chini ya karatasi. Akakipandisha kibati. Akapiga, katikati. Rosaire akapiga, juu. Akakishusha. Wakaendelea hivyo, huyu kitini huyu nje ya kiti, na mimi nikipaza sauti juu, chini, katikati, juu, kama mtu anayefundisha watoto mazoezi ya viungo.

Maneno nayo yalipanda. Rosaire alisema dada yake anafumba macho risasi inapotoka, ndiyo maana zinazama. Laurianne alisema ndugu yake anavuta kifyatulio kama anayekamua ng'ombe mkaidi. Rosaire alisema mjomba Lucien alikuwa mlevi na hakuwahi kuua kitu kikubwa kuliko kopo la maharage. Hapo wifi aliishusha bunduki mezani taratibu, akamwambia kwamba mjomba Lucien angalau alikuwa na moyo wa kumfundisha mtoto wa kike, na kwamba akisema tena jina lile atarudi nyumbani kwa miguu.

"Gari ni langu," Rosaire akasema.

"Basi utalisukuma."

Nilitazama ndani ya boksi la risasi. Dukani mjini risasi za aina ile ziliisha tangu kiangazi. Lile ndilo boksi la mwisho, na tulikuwa tumebakiza chache ambazo zingetosha mfuko wa shati. Siku mbili kabla ya msimu. Nyama ya nyumba mbili. Miguu yangu imeganda, pua inachuruzika, na watu hawa wawili wenye mvi wanagombana kuhusu kopo la maharage. Kitu kikanipanda kichwani. Nilichukua boksi, nikaingia nalo garini, nikafunga mlango kwa ufunguo.

Walikuja wote wawili kugonga dirisha. Kwa hilo walipatana.

Niliteremsha kioo kidogo, nikawaambia sijawahi kupiga bunduki maishani mwangu na sina mpango, lakini nina macho. Kila mmoja wao anapiga vizuri, matundu yanakaa pamoja, ila bunduki moja haiwezi kuwa sawa na mbovu kwa wakati mmoja. Kuna kitu mmoja anafanya na mwenzake hafanyi. Nikararua karatasi mpya ya shabaha vipande viwili, nikawapa kila mmoja kipande na penseli ya seremala iliyokuwa kwenye dashibodi.

"Chora unachokiona ukilenga. Pengo, ushanga, na shabaha. Bila kutazamiana. Na atakayebisha, risasi hizi naenda kuzitupa mtoni."

"Claudette, hebu acha utoto," mume wangu akasema.

"Chora, Rosaire."

Wakachora. Rosaire aliegemea boneti, Laurianne akapiga goti kwenye meza ya mbao, migongo wakiwa wamepeana kama watoto wenye mtihani. Nilishuka, nikavichukua vipande, nikaviweka mezani kimoja kando ya kingine.

Michoro ilikuwa mibaya, lakini hata kipofu angeona. Kwenye mchoro wa Rosaire ushanga ulikuwa umesimama wote juu ya pengo, mviringo mzima, kama yai kwenye kikombe chake. Kwenye mchoro wa Laurianne ushanga ulikuwa umezama ndani ya pengo mpaka kimebaki kijincha tu, kama kichwa cha mtoto aliyejificha nyuma ya ukuta. Ukiusimamisha ushanga wote, mtutu umeinuka. Ukiuzamisha, mtutu umeinama. Na kwa mtutu mfupi namna ile, ushanga na pengo vikiwa karibu karibu, tofauti ya punje ya mchele huku ni mkono mzima kule.

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, nikapiga meza, nikawaambia kwamba Mungu ni shahidi, miaka yote hii, miezi sita huku miezi sita kule, krismasi mbili nimepika mimi peke yangu kwa sababu hawakutaka kukaa meza moja, kumbe hakuna aliyeharibu kitu. Bunduki ilikuwa sawa kwako ilipotoka kwako, na sawa kwake ilipotoka kwake. Rosaire naye alianza kutabasamu, akikuna kidevu, akiutazama mchoro wa dada yake kama anayetazama mwandiko wa nchi nyingine.

Laurianne hakucheka. Alikuwa ameshika kipande chake cha karatasi kwa mikono miwili, na nikaona anahesabu kitu ambacho mimi katika kicheko changu sikukifikia. Aliweka bunduki sawa siku ile. Aliiweka sawa kwa jicho lake yeye, ushanga umezamishwa. Na kama baba yake alikuwa akilenga kwa ushanga mzima, basi bunduki ile aliyoihangaikia kutwa nzima, bunduki ya kwanza na ya mwisho aliyowahi kukabidhiwa na baba yake, ilikuwa lazima ipige juu. Juu ya mgongo.

Kicheko kilinikauka mdomoni. Nilitamani vile vipande vya karatasi visingekuwepo.

"Rosaire," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, si ya ugomvi. "Baba alikuwa analengaje?"

Mimi nilijua jibu. Sikulijua kama jibu mpaka dakika ile, lakini nilikuwepo naanika nguo uani siku Mzee Adrien alipomfundisha mwanangu Marc, na nilimsikia akirudia mpaka nikachoka, ushanga mzima, mzima, utoe wote nje. Kwangu yalikuwa maneno ya wanaume tu. Rosaire alikuwa amekaa kwenye ngazi akitikisa kichwa, kwa sababu yeye naye alifundishwa hivyo hivyo, kwa kofi.

Na mume wangu, ambaye hajawahi kushindwa hoja bila kununa wiki nzima, alikuwa ameshinda. Jibu la tangu matanga lilikuwa mkononi mwake. Hakuhitaji hata kulisema kwa ukali. Nilimtazama nikamwomba moyoni anyamaze, kwa mara moja maishani mwake anyamaze.

Hakunyamaza. Aliuchukua mchoro wa dada yake, akausogeza karibu na miwani, akautazama kwa muda.

"Hivi," akasema. "Kama wewe."

"Ushanga ndani?"

"Ndani kabisa. Alinigombeza sana, mimi sikusikia. Hii ya kwangu nimeiokota kwa jamaa kiwandani."

"Wewe unasema hivyo."

"Nasema hivyo."

Laurianne alimkazia macho. "Kama bunduki ilikuwa sawa kwake, kwa nini risasi ilipita juu?"

Rosaire aliirudisha karatasi mezani.

"Alikuwa mzee, dada. Anakohoa, mikono inatetemeka, mimi ndiye niliyemshika kiwiko. Alikosa." Akavua kofia, akaivaa tena. "Baba alikosa."

Sijui kama wifi aliamini. Ni mwanamke mwenye akili kuliko sisi wote, na amekaa na uongo wa ndugu yake tangu wakiwa watoto. Lakini nilimwona anavuta pumzi, anaitoa polepole, na mabega yakashuka mahali ambapo sijapata kuyaona tangu niolewe katika ukoo huu. Aliikunja karatasi akaitia mfukoni.

Halafu akainuka, akapandisha kibati vidato viwili, akamwambia ndugu yake akae kitini ajaribu kama Baba.

Ningecheka kama si moyo wangu kuniuma. Rosaire alikuwa amejifunga kamba mwenyewe. Akakaa, mtu wa miaka hamsini na ushee, akauzamisha ushanga ndani ya pengo kwa mara ya kwanza maishani mwake, jicho likimtoka machozi kwa baridi, na akapiga. Nilitazama kwa darubini. Karatasi nzima haikuwa na tundu jipya. Nikasema haimo.

Hakusema bunduki ina kasoro. Laurianne akamwekea mkono mgongoni, akamwambia abane pumzi, asiharakishe, hata yeye ilimchukua muda. Akapiga tena, akagusa pembe ya karatasi, na wifi akamsifu kama mtu anayemsifu mtoto. Kisha nikawanyang'anya bunduki, kwa sababu risasi zilizobaki zilikuwa za musi.

Laurianne alikuwa na gari lake. Sisi tulirudi kwa letu, mimi nikiendesha, Rosaire akiwa na bunduki magotini, wenzo umefunguliwa, tupu. Tulipita mashamba yote ya viazi. Sikuweza kuvumilia.

"Rosaire, nilikuwa naanika nguo siku ile."

"Najua ulikuwa wapi."

"Mzee alimwambia Marc—"

"Claudette. Tazama barabara."

Nikatazama barabara. Tulipofika darajani alisema, akiwa ameelekea dirishani, kwamba Jumatatu atapiga Laurianne. Yeye atabeba.

Tangu Juni alikuwa akimwota mnyama yule, ananiamsha ananieleza atasimama wapi. Tangu matanga nilikuwa nikiomba mtu huyu aache kusema baba hakosi. Sasa ameacha, na nililia mpaka nikashindwa kuona njia, ikabidi nisimamishe gari pembeni tubadilishane usukani.